Utafiti wa mwanafunzi katika mitetemo ya kiparameta: nianzie wapi?

Swali: Ninasoma shahada ya kwanza ya fizikia, na ningependa kufanya utafiti mdogo katika fizikia isiyo ya mstari (ambamo tokeo haliongezeki kwa uwiano uleule na kisababishi), hasa mitetemo ya kiparameta, yaani inayochochewa kwa kubadilisha sifa ya mfumo kwa mpigo wa kurudiarudia. Je, kuna jambo lenye uzito wa kisayansi ambalo mwanafunzi anaweza kulipima bila maabara kubwa?

Jibu la 1: Lipo, ndugu. Chukua pendulamu, kisha uitikise egemeo lake juu na chini kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanayokaribia mara mbili ya masafa yake ya asili. Msukumo ukiwa mdogo, msuguano hushinda na pendulamu hutulia. Ukivuka kizingiti fulani, mtetemo hukua wenyewe hadi uzuiwe na tabia isiyo ya mstari. Kupima kizingiti hicho huku ukibadilisha msuguano, na kukilinganisha na mlinganyo ambao mwanahisabati Mfaransa Mathieu aliutoa mwaka 1868, ni kazi inayojitosheleza kabisa.

Jibu la 2: Naongeza mawimbi ya Faraday, ambayo mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliyaeleza mwaka 1831: chombo cha kimiminika kikitetemeshwa wima, mawimbi hujitokeza kwenye uso wa kimiminika kwa nusu ya masafa ya msukumo. Spika na kamera ya simu vinatosha kuanzia.

Jibu la 3: Unapomwendea mhadhiri kuomba usimamizi, mpelekee grafu yako ya kwanza, hata kama ni ya hesabu ya kompyuta tu, kwa sababu ndiyo itakayomwonyesha kwamba umekwisha kuanza.