Naomba ushauri: majina ya Kiebrania yanaharibika njiani

Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ya utalii hapa Arusha inapokea orodha za wageni kutoka kwa wakala wa Tel Aviv. Faili likiingia kwenye mfumo wetu, Kiebrania chote kinavurugika: neno שלום linatokea ùìåí.

Nimechungulia baiti zake nikakuta F9 EC E5 ED, yaani baiti moja kwa kila herufi. Ingekuwa UTF-8, usimbaji wa herufi za lugha zote, zingekuwa mbili mbili. Basi wao wanatuma Windows-1255 (usimbaji wa Kiebrania), programu yetu inasoma kama Windows-1252 (wa lugha za Ulaya Magharibi). Nikiligeuza kwanza kwa iconv, programu ya kubadilisha usimbaji, linasomeka vizuri kabisa.

Nilipokwama ni SQL Server, hifadhidata yetu: yakishahifadhiwa, majina yote yanakuwa ????. Safu ya majina ni ya aina ya VARCHAR, isiyo ya Unicode. Nikiibadilisha kuwa NVARCHAR, aina ya Unicode, itatosha, au na kwenye INSERT (amri ya kuingiza data) lazima nitangulize N kabla ya maandishi? Na yaliyokwisha kugeuka alama za kuuliza yanaokoleka, au niombe faili upya? Wageni wengine wanatua KIA wiki hii, na inaniuma sana mtu kupokewa kwa bango lenye jina lililoharibika.