Gari limelala kwake, funguo zimelala mfukoni mwake, kisha ananiambia mimi ndiye niliyesahau taa

Pikapu Yatima (mleta uzi)

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa nimesimama, kwa sababu hasira niliyo nayo haikubali kiti. Sitamtaja mtu, wala hakuna haja, maana kila mwenye gari la kazi amekwisha kupita mikononi mwake: ni yule fundi wa umeme wa magari mwenye taa ya kupimia nyuma ya sikio, taa ambayo haijapata kugusa waya tangu sikio lenyewe liote.

Kisa ni hiki. Pikapu yangu ilikuwa ikigoma kuwaka kila baada ya siku mbili tatu. Nikizungusha ufunguo, inatoa mlio wa tak-tak-tak-tak wa haraka haraka, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Nikampelekea. Hakufungua boneti, aliusikiliza mlio kwa mbali, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani, akatamka kwamba betri imekufa. Nikanunua betri. Mlio ukarejea, akasema kumbe ni stata, ile mota inayoizungusha injini ipate kuwaka. Nikanunua stata. Ukarejea tena, akasema sasa amekwisha kuugundua ugonjwa, akafunga alternata, ile mashine inayoijaza betri umeme injini ikizunguka, aliyoiita mpya, ingawa ilikuwa na vumbi la kutosha kupandia mbegu. Tangu siku hiyo gari halifiki hata siku ya pili: linalala usiku mmoja tu, na asubuhi limekuwa jiwe. Betri ya pili ikaenda, ya tatu ikaifuata, na mimi nikaanza kuyaonea wivu magari yanayokaa juu ya mawe.

Jana akaniambia niliache gari lilale kwake ili aichunguze tabia yake ya usiku. Nikaliacha. Funguo alizichukua yeye, akazitia mfukoni mwake, mimi nikitazama. Leo saa moja asubuhi nimefika, ameingia ndani, amepiga stata: tak moja, basi. Akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya alternata, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema, "Alternata yangu haina neno, iguse mwenyewe, bado ina joto." Kisha akanigeukia, mbele ya wateja watano na kijana anayemshikia tochi, akasema kwa upole, ule upole wa kumwuliza mgonjwa jina lake: "Mzee, jaribu kukumbuka vizuri. Huenda uliacha taa."

Niliacha taa! Gari limelala kwake, funguo zimelala mfukoni mwake, mimi nimelala kitandani kwangu, na bado taa nimeziacha mimi. Kwa mkono upi? Kijana wa tochi alicheka. Hakutoa sauti, lakini niliyaona mabega yake yakitikisika, na mwanga wa tochi ukawa unarukaruka juu ya betri yangu ya tatu kama unaiaga.

Sitaki ushauri. Nataka mashahidi.

Spana Kumi

Pole sana, mleta uzi. Hata hivyo, kwa kuwa sote hapa ni watu wa haki, naomba nikuulize kabla hatujamhukumu mtu asiyekuwepo: je, umejaribu kukumbuka vizuri?

Kigugumizi cha Stata

Huyo namfahamu, na taa yake ya sikioni naifahamu. Mimi aliniambia kwamba gari langu haliwaki kwa sababu ninaliwasha kwa pupa, akanifundisha kuzungusha ufunguo taratibu, nikiwa nimevuta pumzi. Nilivuta pumzi kwa muda wa mwezi mzima. Mwisho wake ilikuwa unga mweupe na wa kijani uliojaa kwenye kichwa cha hasi cha betri, kitu ambacho mke wangu alikisugua kwa maji moto na brashi katika muda mfupi kuliko ule niliotumia kuvuta pumzi.

Pikapu Yatima

Ndugu Kigugumizi, wewe angalau ulilaumiwa ukiwa ndani ya gari. Mimi nimelaumiwa nikiwa sipo. Ninarudia kwa faida ya Spana Kumi: funguo zilikuwa mfukoni MWAKE.

Mstaafu wa Boneti

Nimesoma uzi huu mara mbili, na kinachonishangaza ni kwamba mnaicheka hadithi yenye jibu ndani yake. Tuanze na hesabu. Betri ya ampia-saa 60, yaani yenye akiba ya kutoa ampia 5 kwa saa 12, ikimalizika kwa usiku mmoja wa saa 12, maana yake kuna kitu kinachokula ampia 4 au 5 bila kupumzika. Taa ndogo ya wati 5 ndani ya kasha la dashibodi inakula ampia 0.4 tu, na usiku mzima haitafikisha hata ampia-saa 5, kwa hiyo betri nzima isingekufa kwa ajili yake. Taa kubwa mbili za wati 55 zinakula ampia 9 hivi, zingeimaliza betri kwa saa sita au saba, lakini ua mzima ungekuwa mchana na kila mtu angeziona. Hizo zote mziweke kando.

Sasa rudini kwenye kile kiganja. Injini imelala usiku kucha. Ni saa moja asubuhi. Alternata ina joto. Joto hilo limetoka wapi?

Ndani ya alternata mna daiodi, kwa kawaida sita, na kazi yake ni kuuruhusu umeme uende kwenye betri na kuuzuia usirudi. Daiodi ikiungua na kushikana, umeme wa betri unaweza kurudi ndani ya alternata usiku kucha na kugeuka joto. Ndiyo maana mafundi wa zamani huigusa alternata asubuhi kabla ya kuwasha: ikiwa baridi, tafuta kwingine, ikiwa na uvuguvugu, mwizi umemshika mkono. Usijisumbue kumtafuta mwizi kwa kung'oa fyuzi moja moja, kwa sababu ule waya mnene wa alternata katika magari mengi haupiti kwenye kisanduku cha fyuzi ndogo. Usiku wa leo fungua kichwa cha hasi cha betri kwanza, kisha uchomoe waya mnene nyuma ya alternata, uufunge kwa utepe usiguse chuma, urudishe hasi, ulale. Gari likiwaka asubuhi bila shida, umepata jibu.

Kuhusu ule ugonjwa wa kwanza, wa tak-tak-tak, sidhani kama betri ya awali, stata ya awali wala alternata ya awali ilikuwa na kosa lolote. Mlio wa haraka pamoja na taa kufifia ni umeme haba unaofika, na ungeanza kwa kupima: betri iliyotulia na kujaa husoma volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na injini ikinguruma unatarajia kuona baina ya 13.8 na 14.5. Kisha mtu akushikie ufunguo apige stata wakati wewe umeweka ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Ukiona zaidi ya volti 0.2 hapo, waya wa hasi umelegea au umeoza, na huo ni ugonjwa wa spana moja.

Pikapu Yatima

Subiri. Subiri kwanza. Unataka kuniambia kwamba ugonjwa aliuleta yeye mwenyewe kwa mkono wake, akauweka ndani ya gari langu, akalala nao ua mmoja, asubuhi akaugusa kwa kiganja chake, akausikia una joto, akausifu, kisha akanigeukia mimi na kuniambia huenda niliacha taa?

Mstaafu wa Boneti

Ndiyo.

Pikapu Yatima

Na kijana wa tochi akacheka.

Spana Kumi

Kijana wa tochi namtetea. Mtu amenunua betri tatu, stata moja na alternata moja bila yeyote kushika mita hata mara moja. Ningekuwa mimi ndiye mwenye tochi, ningeiangusha kwa kicheko. Mita ya kawaida ya kupimia umeme ni ndogo kuliko kiatu, na hata ile ya bei ya chini kabisa inajua kusoma volti.

Mbeba Mchanga

Spana Kumi, usiwasahau wenye mita wanaoziua. Shemeji yangu aliambiwa apime umeme unaopotea, akachomoa hasi ya betri, akaiunganisha mita katikati kama inavyotakiwa, kisha akasahau na kupiga stata. Fyuzi ya mita ni ampia 10, na stata inavuta zaidi ya 100. Hadi leo mita hiyo inasoma sifuri kwa kila kitu, na shemeji anaamini gari lake halipotezi umeme hata kidogo.

Mama Tela

Tafadhalini, kabla hamjaendelea na alternata, kuna mhalifu mkubwa kuliko huyo, naye mnamfahamu: ni yule anayefunga redio na vifaa vya kufuatilia gari. Alikuja kwangu akiwa na kisu na utepe mweusi tu. Badala ya kutafuta waya unaokufa ufunguo ukitoka, aliunganisha kila kitu kwenye waya unaoishi saa zote, kwa sababu ulikuwa karibu na mkono wake. Gari lililozimwa, likishaachwa kama saa moja ili vikompyuta vyake vilale, halitakiwi kula zaidi ya miliampia 50. Langu lilikula 700, yaani karibu ampia-saa 17 kwa siku, na kila Jumatatu nililikuta limekufa. Nilipomrudia, aliniambia kwamba redio nzuri ndivyo zilivyo.

Kigugumizi cha Stata

Dada yangu, huyo wa redio ndiye aliyepitisha waya wangu chini ya zulia, juu ya skrubu ya kiti. Kila nikipiga breki, wimbo unakata.

Mbeba Mchanga

Mimi niliacha kuwatafuta wahalifu. Kila jioni ninafungua kichwa cha hasi kwa spana namba kumi, asubuhi ninakirudisha. Mwaka wa tatu huu. Saa ya gari haijui kama ni mchana au usiku, lakini linawaka.

Mama Tela

Na kwa kuwa tumefika hapa, naomba nimseme pia yule anayeazima waya za kubusti. Sitamtaja. Alikuja kwangu na gari limekufa, nikampa waya zangu, akafunga koleo la mwisho jeusi moja kwa moja kwenye hasi ya betri iliyokufa huku akiwa ameiinamia kama anayenusa ua. Nikamkemea kwamba koleo hilo hufungwa kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoshika moto na cheche ya mwisho haitakiwi kuruka hapo. Akanijibu kwamba amekuwa akifanya hivyo miaka yote na nyusi anazo. Akawasha, akaondoka, na waya zangu akaondoka nazo.

Spana Kumi

Waya zenyewe zilikuwa nene au zile nyembamba zinazochemka kabla stata haijazunguka?

Pikapu Yatima

Naomba turudi kwenye uzi. Nimetoka nje sasa hivi, nimeigusa alternata. Gari limesimama tangu asubuhi na bado ina uvuguvugu. Narudia: limesimama tangu asubuhi. Na yule mtu alisimama mbele ya wateja watano akaniambia nijaribu kukumbuka vizuri.

Mama Tela

Nene, ndugu Spana, urefu wa mita 3, koleo za shaba. La waya mweusi lina jino moja lililovunjika. Yeyote atakayeziona kwenye gari la mtu mwenye nyusi zake zote, hizo ni zangu.