Mrejesho: Mbao za Vitako vya Bunduki za Vita

Niliuliza kama mistari sambamba inayoonekana kwenye kitako cha bunduki ya Kijerumani ya Kar98k ni dalili ya ukarabati au ni kazi ya kiwandani. Nawashukuru walionijibu, na sasa naleta nilichothibitisha: ni kazi ya kiwandani.

Bunduki hizo, zilizoanza kutumika mwaka 1935, mwanzoni zilitengenezewa vitako vya mjozi, mti mgumu usiopasuka kirahisi, ambao hata hivyo hukua polepole na ambao ubao wake mnene ulihitaji kukaushwa kwa miaka kadhaa. Tayari katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa wamepungukiwa na mjozi, wakageukia mti wa Fagus (kwa Kiingereza beech). Kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 walianza kubandika tabaka nyembamba za Fagus kwa gundi, joto na shinikizo, na mistari niliyoiulizia ndiyo kingo za tabaka hizo. Kitako cha namna hiyo kilikuwa kizito zaidi, lakini hakikupindika ovyo kwa unyevu, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa na thamani kuliko uzuri wa mjozi, kwa kuwa mbao ikipinda na kuusukuma mtutu, shabaha huharibika.

Warusi walitumia zaidi mti wa Betula (kwa Kiingereza birch) kwa bunduki zao za Mosin, nao Waaustralia, kiwandani Lithgow, walitumia miti ya kwao kwa bunduki za Kiingereza za Lee-Enfield.