Turbo yenye kilomita 183,000: kilomita ndizo zinazoua injini, au ni sisi?

Mteremko wa Kitonga
Wakuu, hii Subaru WRX yangu ya turbo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini) imeshaangaliwa na wanunuzi wanne mwezi huu. Wote wanne wamefanya jambo moja: wamechungulia dashibodi, wakaona 183,000, wakanirudishia ufunguo. Hakuna hata mmoja aliyechomoa kijiti cha oili. Wa mwisho alinipa pole kabisa: "Kaka, turbo ikivuka laki na nusu ni jeneza." Jioni nikasikia ameulizia bei ya nyingine ya mwaka 2004 yenye kilomita 78,000. Gari la miaka ishirini na ushee, elfu sabini na nane! Sisemi mita imerudishwa. Nasema tu huyo mwenye gari alikuwa anapenda sana kutembea kwa miguu.

Hoja yangu ni kwamba kilomita peke yake haisemi lolote la maana kuhusu injini. Januari 1989 Subaru walipeleka Legacy za turbo kwenye uwanja wa majaribio kule Arizona, Marekani, wakazikimbiza usiku na mchana, wakisimama kujaza mafuta, kuhudumia gari na kubadilishana madereva tu. Kilomita 100,000 zikakatika kwa saa 447, wastani wa kilomita 223 kwa saa, vituo vyote vikiwa vimehesabiwa humo. Injini ilikuwa EJ20, ukoo uleule wa hii yangu. Kama kilomita ingekuwa sumu, zile zingekufa siku ya tatu.

Piga na hesabu ya saa. Kilomita 180,000 za foleni ya Kimara kwa wastani wa 25 kwa saa ni saa 7,200 injini ikinguruma. Kilomita hizohizo kwenye njia ya Dodoma kwa wastani wa 80 ni saa 2,250. Mita inasoma sawa, injini ni mbili tofauti. Yangu imezeekea safarini. Nani anabisha?

Binti Mbezi
Mimi nabisha. Mfano wako wa Arizona umejikata mwenyewe. Yale magari yalikuwa mapya, na yalipopata moto hayakupewa nafasi ya kupoa. Injini huumia zaidi asubuhi, oili ikiwa imeshuka yote chini na ukuta wa silinda umebaki na utando tu. Kule waliwasha mara chache wakamaliza laki moja. Wewe kwa miaka yote hiyo umewasha mara ngapi? Ulichothibitisha ni kwamba injini hufurahia kutozimwa.

Chuma cha Tanga
Nunueni Toyota IST mlale.

Mteremko wa Kitonga
@Binti Mbezi hapo umenigusa, dada, lakini umeiunga mkono hoja yangu bila kupenda. Kinachoua ni namna ya kutumia, siyo namba.
@Chuma cha Tanga IST haipandi Kitonga ikatabasamu.

Fundi Mstaafu
Vijana, nimewasoma wote. Nimefungua injini hizi tangu miaka ya tisini na ninawaambia mnagombea mambo mawili mkaacha la tatu: injini ilivyozaliwa. Kuna injini unaweza kuitunza kama yai na bado ikakuaga.

Chukueni EJ25, injini ya STI, ile WRX kali zaidi. Waliitanua silinda kutoka milimita 92 za EJ20 hadi 99.5. Kati ya silinda na silinda chuma kikabaki chembamba, na pistoni zake ni za kumiminwa kwenye kalibu, siyo za kufuliwa. Mafuta yakilipuka kabla ya wakati wake, ule ukingo mwembamba kati ya ringi na ringi unakatika. Mwenye gari husikia nguvu imepungua na oili inaisha. Akija kwangu napima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), silinda tatu ziko sawa, moja imelala. Mara nyingi nimeikuta namba nne. Hapo utamlaumu dereva?

Wajerumani nao wana yao. M3 za mwanzo za kizazi cha E46 ziliitwa na BMW wenyewe zikabadilishiwe beringi za konrodi. Porsche 911 ya kizazi cha 996 ina beringi ya shafti ya kati iliyowafikisha mahakamani Marekani. Hayo hayakuletwa na mtu kusahau kubadilisha oili. Na upande wa pili kuna 2JZ, injini ya Toyota Supra, bloku ya chuma kizito, watu wanaiongezea nguvu mara mbili na inaendelea kucheka.

Sasa la kwetu. STI zinazotoka Japani zilipangwa kwa petroli ya huko ya oktani (uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati) ya juu, hadi 100. Zinafika hapa zinanyweshwa ya kawaida, halafu kijana anampelekea mtu wa kompyuta amwongezee presha ya turbo, na rejeta ni ileile yenye matope ya mwaka juzi. Akitoka kukanyaga moto anazima palepale. Ile turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Ukizima ghafla, oili iliyobaki ndani inaungua na kugeuka masizi. Miezi sita baadaye njia ya oili imeziba. Kisha anakuja analia kwamba "Subaru ni mbovu".

Kwa hiyo Kitonga, mwanangu, gari lako linaweza kuwa zima na linaweza kuwa maiti inayotembea. Mita haijui, na wewe pia hujui. Usitubishie kwa maneno. Mwaga oili, kata kichujio kwa msumeno, tandaza karatasi yake juani. Mabaki meusi ni kawaida. Vumbi likinata kwenye sumaku, ni chuma. Likimeremeta na sumaku isiligande, hiyo ni beringi inaliwa.

Binti Mbezi
Shikamoo fundi. Kumbe tungekusubiri tusingechoshana. Ila na hao wanunuzi wanne nao wana haki. Mtu anatoa mamilioni yake, hana msumeno wala miaka thelathini ya gereji. Namba ya dashibodi ndiyo pekee anayoweza kuisoma. Mwenye kuuza ndiye atoe vipimo: kompresheni ya silinda zote nne kwenye karatasi, tarehe ya mkanda wa taimingi, risiti za oili. Tukizoea hivyo, hata wanaorudisha mita wataacha, maana haitakuwa na faida.

Chuma cha Tanga
Risiti za oili Bongo hii? Dada, tuonee huruma.

Wa Nakuru
Huku kwetu Kenya gari likizidi miaka minane haliruhusiwi kuingia kabisa, lakini usidhani imetusaidia. Linaingia likiwa na miaka saba, zuri, halafu linapewa kijana mwenye miaka ishirini na tatu na barabara ya kwenda Naivasha. Mimi nimenunua langu kutoka kwa mzee mmoja mwalimu, kilomita 210,000, na halijawahi kuniangusha. Naunga mkono jicho kwa mwenye gari kwanza, gari baadaye.

Mteremko wa Kitonga
Shukrani zote zimwendee fundi. Kesho Jumamosi namwaga oili, nitaleta majibu hapahapa. Nina uhakika wa asilimia mia.

Mteremko wa Kitonga
Nimekata kichujio. Karatasi ni nyeusi, kawaida. Lakini kwenye mikunjo, upande wa chini, kuna kitu kinameremeta kidogo kama rangi ya kucha. Nimepitisha sumaku ya spika mara tatu. Haikunyanyua kitu.

Fundi Mstaafu
Usiliwashe. Jumatatu lije kwangu likiwa juu ya breki dauni.