Bei yangu na ya mdogo wangu hazilingani kwenye duka lilelile la mtandaoni. Naombeni ushauri kabla sijalipa

Mwalimu wa Moro

Habari za jioni wadau.

Nataka kununua cherehani ya umeme. Atakayeitumia ni mama yangu mdogo, anashona sare za shule hapa nyumbani, na fedha yenyewe ni mchango wa ndugu, kwa hiyo kila shilingi ina mtu wa kuiulizia. Nimekuwa nikiiangalia kwenye programu moja ya manunuzi karibu kila jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari. Mwanzoni iliandikwa 368,000. Ikaenda 389,000. Juzi imesoma 415,000. Nikampigia mdogo wangu aliyeko Dodoma aitafute kwa simu yake. Yeye kaiona kwa 372,000, picha ileile, maelezo yaleyale, saa ileile.

Instagram nako nimepita. Kurasa nyingi za cherehani hazina bei, zimeandika tu "bei njoo DM", yaani uulize kwa ujumbe wa faragha. Nilipouliza mimi, picha yangu ikiwa ya mahafali nimevaa joho, nikatajiwa 450,000. Binamu yangu ambaye ni fundi kauliza ukurasa uleule, kaambiwa 400,000 na maongezi yapo.

Ninachotaka kuelewa ni hiki: hawa wenye maduka wanajua kwamba naitaka sana kile kitu, ndiyo maana bei inapanda? Nikiacha kuifungua itashuka? Na je, ni halali watu wawili kuuziwa kitu kimoja kwa bei mbili bila kuambiwa? Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Makumbusho

Pole mwalimu. Kabla hatujalaumu mashine, tuangalie mambo mawili. Akaunti ya mdogo wako ni mpya? Programu nyingi humpa mgeni kuponi ya kumkaribisha, na wakati mwingine bei inaonyeshwa ikiwa imeshakatwa hiyo kuponi. Pili, gusa jina la muuzaji. Ndani ya programu moja kuna wauzaji wengi wanaotumia picha ileile iliyotoka kiwandani. Unaweza kuwa unaangalia duka la mtu mmoja na mdogo wako la mwingine.

Iwekeni mashine wote wawili kwenye kikapu, mfike mpaka ukurasa wa malipo, msilipe. Linganisheni jumla ya mwisho pamoja na usafiri. Hapo ndipo utajua bei halisi.

Binti Kariakoo

Mwalimu, mimi nauza vifaa vya ushonaji, duka na mtandao, na bei zangu naziandika wazi. Nikueleze kinachotokea upande huu wa kaunta.

Wengi wanaoandika "bei njoo DM" hawana mzigo. Ni mawinga. Anapiga picha dukani kwa mwenye mali, anaiweka kwenye ukurasa wake, mteja akija anachukua mashine kwa mwenye mali na kuweka cha juu chake. Hakuna ubaya kwa mtu kulipwa kwa kazi yake ya kutafuta mteja. Lakini cha juu hakina kipimo. Kinategemea anavyokusoma. Atafungua ukurasa wako, ataangalia picha zako, unaishi wapi, unaandika vipi. Ukianza na "naihitaji haraka" umeshampa namba. Joho lako la mahafali limeongeza bei, sina shaka kabisa. Binamu yako kaongea kama fundi, kataja aina ya mashine, muuzaji kajua huyu anaijua bei ya mjini.

Wapo wanaoficha bei kwa sababu nyingine. Mtu ana wateja wa jumla mikoani ambao hataki waone bei ya rejareja, au anaogopa jirani yake asimshushie. Namwelewa. Ila mimi naona hasara yake ni kubwa kuliko faida, maana mteja mmoja akigundua mwenzake kauziwa kwa bei ndogo, harudi, na anawaambia wengine. Biashara ya cherehani inaishi kwa mafundi kuambizana.

Mhenga wa Pangani

Wanangu, mbona mnashangaa? Bei ya maelewano ni ya tangu babu na babu. Sokoni samaki mmoja ana bei ya asubuhi na bei ya jioni, bei ya mgeni na bei ya jirani. Mwenye nacho alipa zaidi, mjane apunguziwa. Mtandao umefuata desturi tu.

Mdau wa Hamburg

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima, naomba nitofautiane nawe kidogo, kwa sababu hapa ndipo kiini cha swali la mwalimu kilipo.

Sokoni ninamwona muuzaji, naye ananiona. Ninasikia aliyenitangulia kauziwa kwa ngapi. Naweza kugeuza mgongo, akaniita. Mashine hainiiti. Inajua mimi nimefungua bidhaa hiyo mara nyingi, natumia simu ya aina gani, nipo mji gani, nilinunua nini mwezi uliopita, halafu mimi sijui lolote kuhusu yeye wala kuhusu mteja mwenzangu. Maelewano ya mtu mmoja si maelewano.

Mwalimu, unachohisi kimeshatokea kwingine. Septemba 2000 wateja wa Amazon huko Marekani waligundua kwamba DVD ileile ina bei tofauti kwa watu tofauti. Iliripotiwa kwamba mmoja wao alifuta kuki kwenye kompyuta yake, yaani kumbukumbu ndogo zinazomtambulisha mteja kwa duka, na bei ikashuka kutoka dola 26.24 hadi 22.74. Kelele zikawa kubwa. Amazon ikasema yalikuwa majaribio ya bei za kubahatisha, hazikupangwa kwa kumwangalia mteja ni nani, ikawarudishia wateja 6,896 wastani wa dola 3.10 kila mmoja, na Jeff Bezos mwenyewe akakiri kuwa jaribio lile lilikuwa kosa.

Mwaka 2012 gazeti la Wall Street Journal liliandika habari mbili ambazo kila mnunuzi angefaa kuzijua. Tovuti ya Orbitz, ya kutafutia safari na hoteli, ilikuwa ikiwaonyesha watumiaji wa kompyuta za Mac hoteli za ghali zaidi kwanza, kwa sababu iliona wanatumia fedha nyingi zaidi kwa usiku. Hapo chumba kilekile hakikupandishwa bei. Walibadilisha mpangilio wa kile unachokiona kwanza, na wengi wetu hatushuki mpaka chini. Ya pili ni Staples, maduka ya vifaa vya ofisi huko Marekani: bei mtandaoni ilitofautiana kulingana na umbali wa mteja kutoka duka la mshindani. Anayeishi karibu na mshindani alionyeshwa bei nafuu. Tazama matokeo yake: mwenye sehemu nyingi za kununulia ndiye anayepunguziwa, na aliye mbali, ambaye hana pa kwenda, analipa zaidi. Hapo mzee wangu wa Pangani utaona kwamba mjane hakupunguziwa.

Na mwaka 2022 Target, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 5 huko California katika kesi iliyohusu, pamoja na mambo mengine, bei za kwenye programu yake kubadilika kulingana na mahali mteja alipo.

Lakini tuwe waangalifu. Bei kupanda ukiwa unaiangalia si ushahidi kwamba imepanda kwa sababu yako. Stoo ikipungua bei inapanda, kuponi ikiisha bei inapanda, dola ikipanda muuzaji anayeagiza nje anabadilisha. Tiketi za ndege zina madaraja ya bei. Viti vya daraja la chini vikiisha unaonyeshwa la juu, hata kama hujawahi kutafuta safari hiyo. Ushahidi ni ule uliofanya wewe na mdogo wako: saa moja, kitu kimoja, muuzaji mmoja, simu mbili. Piga picha za skrini zote zikionyesha jina la muuzaji.

Mama Nakuru

Mambo ya mwalimu yamenigusa. Huku Kenya, Novemba ikikaribia, mtu huona friji imepandishwa wiki chache kabla, kisha siku ya Black Friday inarudishwa ilipokuwa na kuandikwa "asilimia 30 imepunguzwa". Ukiwa hukuandika bei ya awali utadhani umeokoa. Mimi huwa na daftari. Kitu chochote kikubwa naandika bei na tarehe, ndipo nasubiri. Ile saa inayohesabu kurudi nyuma na yale maneno "zimebaki 2" siyasomi tena. Siku mbili baadaye utakuta bado zimebaki 2.

Na chunga ile ya "ongeza kidogo upate usafiri wa bure". Watu hununua sahani wasizohitaji ili kuokoa pesa ya kuletewa.

Swali la uhalali: kwenye Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, duka la mtandaoni linatakiwa kukuambia ikiwa bei imepangwa na mashine kwa ajili yako binafsi, na likitangaza punguzo lionyeshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Jimbo la New York nalo limeanza kudai tangazo kama hilo mwaka 2025. Sisi Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania mnayo ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na tume yenu ipo. Sheria hizi hazimkatazi muuzaji kuwa na bei mbili. Zinakupa nguvu ya kuuliza: mna taarifa zangu zipi na mnazitumia kufanya nini? Ni swali ambalo watu wachache sana wameliuliza, na ningependa tulizoee.

Mwalimu wa Moro

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Shikamoo mzee wa Pangani.

Nimefanya kama Kijana wa Makumbusho alivyosema. Muuzaji ni yuleyule mmoja. Mdogo wangu kweli alikuwa na kuponi ya mgeni ya 25,000. Ukiirudisha, bei yake ni 397,000, na yangu 415,000. Kwa hiyo 18,000 bado haina maelezo, na nimewaandikia huduma kwa wateja nikiambatanisha picha zote mbili. Wamejibu kwamba bei hubadilika kulingana na soko. Nimewauliza tena, soko gani lililo tofauti kati ya Morogoro na Dodoma saa moja ile? Nasubiri.

Dada Binti Kariakoo, wewe ile mashine unayo?

Mhenga wa Pangani

Marahaba mwanangu. Mdau wa Hamburg, neno lako la kwamba mashine haimwiti aliyegeuza mgongo nimelipokea. Sisi twajua kumpunguzia mtu kwa kumwona uso. Asiyeniona uso asijipe kazi hiyo.

Binti Kariakoo

Ninayo mwalimu, na bei ipo kwenye ukurasa wangu, 380,000, kwa yeyote atakayeuliza. Lakini usinunue kwangu kwa sababu ya uzi huu. Mtume binamu yako fundi apite Kariakoo, aingie maduka kadhaa ya mtaa huohuo, ajaribu mashine kwa kitambaa kizito cha sare, maana cherehani nyingi ndogo za umeme zinashona vizuri kitambaa chepesi na kukwama kwenye mikunjo ya kaptula. Aulize bobini na sindano zake zinapatikana Morogoro, mota ina dhamana ya muda gani na nani anaitengeneza. Mashine ya 372,000 isiyo na spea ni ghali kuliko ya 400,000 yenye spea.

Mzigo ukitumwa kwa basi gharama unalipa wewe, hiyo nayo iweke kwenye hesabu. Na popote utakaponunua, hata kwangu, omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye bei uliyolipa.

Kijana wa Makumbusho

Mwalimu, hao huduma kwa wateja wakijibu, tuwekee hapa jibu lao. Mimi nitafungua mashine hiyohiyo usiku huu nikiwa Dar, saa mbili kamili. Mwingine aliyeko Mwanza au Arusha afungue saa hiyohiyo, bila kuponi, atuandikie anachokiona.