Tupeane uzoefu: mliomkatia mbwa bima ya afya, iliwafaa au iliwaliza?

Baba Chapati
Wakuu, najua kuna watakaocheka. Marehemu baba angesikia namkatia mbwa bima angeitisha kikao cha ukoo. Ila niko Leicester, watoto waliomba mbwa mpaka nikachoka, na huku daktari wa mifugo si yule wa kuja na pikipiki, akadunga sindano, mkanywa chai akaondoka.

Yangu ni haya. Mbwa wetu ni Labrador, tunamwita Chapati. Labrador hana shibe. Siku tumechoma mahindi uani akameza kipande cha gunzi. Siku ya pili anatapika, tumbo limekaza kama ngoma. Eksirei, upasuaji, kulazwa siku mbili: pauni 3,400. Bima ikalipa yote isipokuwa pauni 150 za kwanza, ambazo kwa mkataba ni za mwenye mbwa. Nikaisifia kwa kila mtu.

Mwaka uliofuata akaanza kujikuna. Mzio wa ngozi, ugonjwa usioisha, unatulizwa tu kwa sindano kila mwezi. Bima ikalipa miezi 12, kisha ikaja barua: ugonjwa huu basi. Ndipo nikausoma mkataba, wakati sahihi yangu imeshakauka. Kumbe bima za mbwa Uingereza ziko za namna nne. Ya ajali tu. Ya miezi 12 kwa kila ugonjwa, ndiyo yangu. Ya kiasi fulani kwa kila ugonjwa, kikiisha kimeisha. Na ile wanayoiita ya maisha, ambayo kiasi chake kinajazwa upya kila mwaka ilimradi usikatize kulipia. Hiyo ndiyo ghali, na ndiyo inayofaa mzio, kisukari na magonjwa ya kukaa nayo. Nikataka kuhamia huko. Wakanipokea vizuri, ila ngozi wakaiondoa: huo ni ugonjwa aliokuja nao. Sasa nalipa bima, na sindano nalipa juu.

Karibuni.

Chuma cha Pua
Mbwa ana bima, mimi hapa Gongo la Mboto natibiwa na panadol. Mungu akinirudisha duniani anirudishe Leicester, na mkia wangu.

Dada wa Houston
Pole kaka. Ya kwangu inauma zaidi. Huku Marekani kwa kawaida unalipa wewe kwanza, kisha unatuma risiti, wanakurudishia asilimia 70, 80 au 90 kulingana na ulichochagua. Nilichagua 80, nikajiona mjanja.

Mbwa wangu alikatika kano ya goti la kushoto kabla sijamkatia bima. Nikalipa mwenyewe. Ndipo nikakata, nikiwaza goti la kulia, maana mbwa akikatika moja, la pili mara nyingi hufuata. Na wao wanalijua hilo kuliko mimi! Likafuata kweli, dola 5,200. Jibu lao: magoti mawili yanahesabiwa kama kitu kimoja, upande mmoja ukiwa mbovu kabla ya bima, wa pili nao haulipwi. Nimebishana nao kwenye simu wiki tatu. Wapi! Imeandikwa, ukurasa wa kumi na ngapi huko.

Tena goti huwa na muda wake wa kungoja, kwa baadhi ya kampuni hata miezi 6, wakati magonjwa mengine ni kama siku 14. Na faili la daktari wanalisoma lote. Shoga yangu alikataliwa kwa maneno mawili, "anachechemea kidogo", aliyoyaandika daktari siku ya chanjo. Anayetaka kukata akate mbwa akiwa mdogo, faili jeupe, na aombe kampuni ilipitie hilo faili mapema, imwambie kwa maandishi nini haitalipa. Zipo zinazokubali.

Mswahili Berlin
Msichanganye. Hapa Berlin bima ya lazima kwa mwenye mbwa ni ya madhara kwa watu wengine, siyo ya matibabu. Mbwa wangu alimwangusha mwendesha baiskeli, bima ikalipa baiskeli na mkono. Siku aliyougua sikio nililipa mwenyewe.

Wambui wa Croydon
Sisi tuko na French Bulldog, wa kukoroma kama babu. Bima yake ni karibu mara mbili ya ile ya koko wa jirani, juu ya hiyo pua fupi. Kabla ununue mbwa, itisha bei ya bima kwanza. Mimi nilianza na mbwa.

Mama Bobi, Mbezi
Jamani mimi sina bima na sioni aibu. Nina kibubu kwenye simu: 30,000 kila mwezi, jina lake "Bobi", hata mume wangu haigusi. Nilijifunza kwa uchungu. Mbwa wangu wa kwanza alikufa kwa pavo, ule ugonjwa wa kutapika na kuhara damu, akiwa na miezi mitatu; nilimchanja mara moja nikadhani nimemaliza, kumbe mtoto wa mbwa anarudiwa chanjo kila baada ya wiki chache mpaka afikishe wiki kama 16. Huyu wa sasa chanjo zote anazo, dawa ya kupe hakosi, maana homa ya kupe ndiyo inayowamaliza huku. Ya kichaa cha mbwa, ulizieni mapema kila Septemba. Tarehe 28 ni siku yake duniani na mahali pengine wanachanja bure.

Baba Chapati
Mama Bobi, nimepiga hesabu ya kibubu chako. Kingefika pauni 3,400 baada ya miaka minane na ushee nikiweka 35 kwa mwezi, na gunzi lilimezwa mwaka wa pili. Kwa hiyo bima nabaki nayo, ingawa imepanda kutoka 31 hadi 58, na akifikisha miaka minane nitachangia asilimia 20 ya kila bili.

Chanjo ya mwaka nayo sithubutu kuikosa: mbwa asiyechanjwa akipata ugonjwa uliokuwa na chanjo, hawalipi. Alhamisi anasafishwa meno. Hayo hayamo, nimeshauliza.