Genge linazingira ghorofa, bajeti kiduchu: ngazi moja nitaifanyaje ionekane orofa sita?

Mkanda_Mbichi:
Wakuu, salaam. Naandaa filamu ya dakika 85 ya mtindo ule wa Marekani wa miaka ya 70 na 80: genge linazingira jengo la fleti, wapangaji wamekwama ndani usiku kucha, wanasukumwa juu orofa baada ya orofa. Ninazozitazama sana ni Tenement ya Roberta Findlay (1985) na Enemy Territory ya Peter Manoogian (1987). Nilicho nacho ni ngazi moja, korido moja, fleti mbili, siku 18 za kurikodi na waigizaji wanane wa genge. Ngazi moja nitaifanyaje ionekane orofa sita? Hao wanane waonekaneje thelathini? Na mlango wa kuvunjwa unatengenezwaje usionekane kama boksi? Ushauri wa "tafuta hela zaidi" naomba mbaki nao.

kona_giza:
Kabla ya ngazi, ziba matundu ya hadithi. Anayetazama filamu ya kuzingirwa anajiuliza mambo mawili tangu mwanzo: kwa nini hawaombi msaada, na kwa nini hawatoki? Ukichelewa kumjibu, ataanza kuwacheka wahusika wako.

Angalia John Carpenter alivyofanya katika Assault on Precinct 13 (1976), filamu ya dola kama 100,000 iliyopigwa kwa siku 20. Pale ni kituo cha polisi kinachohamwa, si fleti, lakini mtego ni uleule. Umeme na simu vimekatwa. Mtaa umebaki karibu mtupu. Genge linatumia bunduki zenye vizuia sauti. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaligundui: genge linaziondoa maiti barabarani, ili gari la doria likipita lisione kitu. Na msaada unapokuja, hauanguki kutoka mbinguni. Polisi wa doria wanagundua kuna jambo pale damu ya fundi simu aliyeuawa juu ya nguzo inapodondokea gari lao. Simu zimekatwa, na fundi wa simu ndiye anayefichua siri. Kilichofunga mlango ndicho kilichoufungua.

Hadithi ikiwa ya leo, usitegemee "mtandao hakuna". Mwache mpangaji apige simu na ipokewe. Polisi waje, wakute geti limefungwa, korido kimya, na mtu mwenye tabasamu anayewaambia ni watoto walikuwa wanacheza. Waondoke. Mtazamaji ataumia kuliko ukimwonyesha simu isiyo na chaji.

Ratiba nayo: ukurasa mmoja wa hati ni kama dakika moja ya filamu, na kurasa 85 kwa siku 18 ni karibu kurasa tano kwa siku. Mazungumzo ndani ya fleti unaweza kula kurasa saba kwa siku bila shida, lakini mapigano ya ngazini hayazidi mbili. Ukigawa sawasawa kila siku, umeshachelewa kabla hujaanza.

fundi_seti:
Nianze na ngazi. Unahitaji kibaraza kimoja tu, pale ngazi zinapogeukia, na kila orofa upe alama tatu zisizofanana na za orofa nyingine: namba ukutani, rangi ya taa, na kitu kimoja kikubwa sakafuni (baiskeli bila gurudumu, kigari cha mtoto, godoro lililosimamishwa). Namba ikatwe kwenye plastiki nyembamba na ibandikwe kwa gundi ya pande mbili. Maandishi ya ukutani usiyapake ukutani. Yachore kwenye karatasi pana uliyoipaka rangi ileile ya ukuta, kisha uibandike ikiwa imekazwa vizuri kwenye kingo. Kubadilisha orofa kusizidi dakika 20. Ikizidi, umeweka vitu vingi mno.

Kinachoumbua ni dirisha la ngazi. Orofa ya pili na ya sita zikionyesha tawi moja la mti, mchezo umekwisha. Lizibe kwa kitambaa cheusi upande wa nje, kisha weka taa kati ya kitambaa na kioo. Kosa jingine ni uharibifu. Damu na vioo vikishamwagika kwenye kibaraza hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo piga picha zote za orofa safi kwanza, za filamu nzima, halafu ndipo uanze kuchafua. Mwelekeo pia uulinde kama roho yako: genge lipande likitokea kushoto mwa fremu, wapangaji watazame kushoto. Ukigeuza mara moja bila sababu, mtazamaji hajui tena nani yuko juu ya nani, na filamu ya aina hii yote imesimama juu ya swali hilo.

Sasa mlango. Wengi huutoboa katikati kwa shoka kwa sababu wameona hivyo kwenye filamu za kutisha. Mlango halisi ukipigwa teke kwa kawaida haufi katikati, unafia kwenye fremu ya mlango, pale ulimi wa kitasa unapoingia. Kile kibati kinashikwa na skrubu fupi, na mbao ya pale ni nyembamba. Basi huna haja ya kuvunja mlango hata mmoja. Kata kipande cha fremu chenye urefu wa kama sentimita 40 kuzunguka kitasa, kitoe, na mahali pake weka kipande cha mbao laini kilichochanwa kwa msumeno upande wa nyuma hadi theluthi mbili ya unene. Ziba ufa kwa pati, paka rangi. Tengeneza vipande sita, sawa na teke sita. Kuweka kipya ni skrubu mbili.

Vinavyoharibika ni hivi: pati ikikauka sana inatoa vumbi jeupe linaloonekana kwenye taa, kwa hiyo changanya rangi ndani ya pati yenyewe. Mchano ukiwa mfupi, mbao inapinda badala ya kupasuka na mwigizaji anaumia goti. Jaribu vipande viwili siku moja kabla. Na nyuma ya mlango pasisimame mtu, hata kama hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote.

MamaKlapa:
Fundi kamaliza kazi ya mbao. Mimi nasogea kwenye genge.

Wanane wanatosha ukiacha kuwaonyesha wote. Picha pana ya genge zima iwe moja tu, kutoka juu ya paa, usiku, na kila mtu wa kazi avae koti asimame humo, hata mshika maiki. Baada ya hapo tumia lenzi ndefu, milimita 85 hadi 135, ukiwa mbali. Lenzi hiyo inawabana watu, na watano waliopangwa kwa umbali tofauti wanajaza fremu. Lenzi pana uani itakuonyesha nafasi tupu kati yao, na mtazamaji ataanza kuhesabu. Badilisha makoti na kofia, badilisha miguu inayopita chini ya mlango. Viatu jozi kumi na mbili kwa watu wanane, hiyo ni hesabu nzuri.

Kubwa kuliko hayo ni sauti. Mabomba ya jengo yakigongwa kutoka chini, kwanza orofa ya kwanza, halafu ya pili, yanajenga genge la watu mia bila posho. Rikodi milio hiyo peke yake, karibu na mbali. Rikodi pia sekunde 30 za ukimya wa kila chumba. Ngazini kuna mwangwi utakaokula mazungumzo yote, basi tundika mablanketi mazito matatu au manne nje ya fremu, na maiki iwe juu ya kichwa cha msemaji, siyo kwenye kamera.

Damu: lita moja ya sharubati nzito ya mahindi au glukosi, mililita 100 za maji, rangi nyekundu ya chakula mililita 30, matone manne ya bluu, kijiko cha kakao ili isiwe angavu kama juisi. Ikimwagika kwenye ngazi inateleza kuliko sabuni, kwa hiyo weka mtu mmoja mwenye ndoo asiye na kazi nyingine. Kila atakayejeruhiwa awe na mashati matatu yanayofanana.

Bunduki: zisitoe kitu. Risasi za baruti tupu, zisizo na kichwa, zimeua watu kazini. Mwigizaji Jon-Erik Hexum alikufa 1984 baada ya kujiweka bastola ya aina hiyo kichwani kwa mzaha, na mwigizaji Brandon Lee 1993, pale kichwa cha risasi kilichobaki kwenye mtutu kiliposukumwa na baruti tupu. Tumia mfano usiofyatua, na mmweko uuweke kwenye uhariri: fremu moja tu, na taa ndogo ya LED impige mwigizaji usoni wakati huohuo. Wapangaji wa kweli na polisi wa eneo wajulishwe kwa maandishi, la sivyo watu waliojifunika nyuso usiku watapigiwa simu ya kweli.

Pembenne:
Nakubali yote, ila kuna kitu mnakipita haraka. Mtindo huu ulikuwa na ugonjwa, nao ni genge lisilopewa sababu yoyote ya ubaya wake isipokuwa rangi yao na mtaa wao. Carpenter aliukwepa kwa kuchanganya rangi makusudi ndani ya genge. Wengi hawakujisumbua.

Majengo yale ya New York tunayoyaona kwenye filamu hizi hayakubomolewa na vijana wenye bandana. Kati ya sensa ya 1970 na ya 1980, maeneo saba ya sensa ya Bronx, sehemu ya jiji hilo, yalipoteza zaidi ya asilimia 97 ya majengo yake kwa moto na kutelekezwa. Wamiliki waliacha kukarabati, baadhi walichoma wenyewe wadai bima, na jiji lilikuwa likifunga vikosi vya zimamoto. Rais Carter wa Marekani alikwenda kusimama Charlotte Street, hukohuko Bronx, mwaka 1977 akatazama vifusi. Kwa hiyo kabla ya kuandika kiongozi wa genge, andika mwenye nyumba. Huhitaji hata kumwonyesha. Lifti iliyokufa, taa ya korido isiyobadilishwa, kitasa cha mlango mkuu kilichovunjika kitambo: hizo ndizo zinazowaua wapangaji, na kwenye bajeti yako hazigharimu kitu.

Enemy Territory angalau ilimpa kiongozi wake, The Count, aliyeigizwa na Tony Todd, maneno na msimamo. Ndiyo maana anakumbukwa.

kona_giza:
Pembenne, kuhusu Tenement nakuunga mkono nusu. Ni katili mno, ilipewa daraja la X, la watu wazima pekee, kwa ghasia, si kwa ngono kama ilivyozoeleka. Lakini wapangaji wake ni mchanganyiko wa watu wa kila umri na asili, na wanajitetea kwa vitu vya jikoni. Hilo la kuiga.

Mkanda_Mbichi:
Nashukuru sana, nimenakili karibu kila kitu. Mawili yamebaki. Umeme ukikatwa, nawaangazaje bila kuonekana nimewasha taa? Na wapangaji wangu wanaweka kabati na sofa nyuma ya mlango, hiyo inatosha kuwa kizuizi?

MamaKlapa:
Taa kali moja nje ya dirisha, juu, ikae kama ya barabarani, ipite kwenye pazia lililochanika. Ndani mwigizaji ashike tochi na aielekeze kwenye ukuta mweupe au kwenye kitabu ulichokivisha karatasi ya foili. Mwanga unaorudi ndio unaomwangaza usoni. Punguza stopu (kipimo cha mwanga unaoingia kwenye kamera) moja na nusu, si tatu. Ukipiga gizani kabisa kisha uinue kwenye uhariri, utapata chenga tupu.

fundi_seti:
Mkuu, milango ya fleti zako inafunguka kwenda wapi? Ndani au koridoni?

Mkanda_Mbichi:
Koridoni, kaka.

fundi_seti:
Basi sofa halizuii kitu. Wataufungua kuelekea kwao na kulikuta sofa limekaa tu kama mgeni. Tena mlango wa kufunguka nje bawaba zake ziko upande wa genge: wanagonga pini tatu kwa bisibisi na nyundo, wanauinua mlango mzima. Usibadilishe mlango, badilisha tukio. Wapangaji wamemaliza kusukuma kabati, wamekaa chini wanahema, na pini ya kwanza inasikika ikidondoka sakafuni upande wa pili.